Neno "Charge" na Siku Tisa za Innocent

Vijana mnaopita kwangu kila Jumamosi kuniomba niwafundishe Kiingereza, kaeni kidogo. Leo sina maneno mapya ya kuwapa. Ninalo moja tu, na mnalijua tayari, maana hakuna siku ipitayo bila ninyi kutafuta mahali pa kuchaji simu. Ni hilohilo. Waingereza huliandika "charge", na kwa miaka mingi lilinisumbua kuliko tope la barabara ya Walikale.

Mimi nilikuwa mkalimani. Nilifanya kazi kwenye barabara inayotoka huku kwetu juu Masisi, penye ng'ombe na ubaridi, ikishuka mpaka kwenye msitu wa Walikale. Nilianza nikiwa na Kifaransa cha shule na Kiingereza cha Uganda, ambako tulikimbilia kwa shangazi yangu wakati wa vita. Huko nilisoma miaka miwili, halafu nikawa nauza maziwa sokoni. Muuza maziwa hujifunza upesi maneno ya kubembeleza na maneno ya kukataa. Yaliyo katikati sikuyapata. Niliporudi nyumbani watu walinisikia nikisema sentensi mbili na mgeni, wakaniita Mama Interpreti, nami nikalivaa jina hilo kabla halijanitosha.

Mtu wa kwanza niliyemfanyia kazi ya kweli alikuwa Mister Mulenga, Mzambia, fundi wa kupasua mawe kwa baruti. Kampuni ya barabara ilimwita kwa sababu kulikuwa na mwamba karibu na Kashebere uliobana njia mpaka malori mawili hayawezi kupishana. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani mizito, asiyejua Kiswahili hata cha kuomba maji. Lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kibemba, na Kiingereza alikisema kwa utaratibu, kama mtu anayepanga vikombe.

Siku ya kwanza tu, tukipanda kutoka Sake, tulikuta ng'ombe wamejaa barabarani. Mister Mulenga akashuka kupiga picha. Dume moja jeusi likainamisha kichwa na kuanza kukwaruza udongo. Yeye akanena kitu haraka, na ndani yake nikasikia "charge". Kifaransa changu kikaninong'oneza: charger, kupakia. Nikamgeukia mzee aliyekuwa akichunga.

"Papa, mugeni anasema hii ngombe itapakiwa."

"Itapakiwa?" Mzee alishangaa. "Itapakiwa wapi? Nani amesema ninaiuzisha?"

Nikageuka ili nimuulize Mister Mulenga ni wapi. Hakuwepo tena. Alikuwa ndani ya mtaro, tope mpaka kiunoni, na dume limesimama pale aliposimama yeye, likinusa kofia yake.

Ndani ya gari alicheka mpaka miwani ikapata ukungu. Akanieleza kwamba mnyama akiinamisha kichwa na kukujia mbio, kwa Kiingereza ame-"charge". Nikaandika kwenye daftari langu: kwanza kupakia, pili kukujia mbio. Juma lililofuata nikaongeza la tatu, kutia umeme kwenye simu. Tulipofika kwenye mwamba nikaongeza la nne, kutia baruti kwenye tundu la jiwe. Ukurasa ukapendeza. Nikapiga mstari chini yake, kama mtu aliyemaliza kufua.

Usipige mstari chini ya neno. Hilo ndilo la kwanza ninalowaachia, na sasa nitawaambia lilinigharimu nini. Kusema kweli, gharama yenyewe alilipa mtu mwingine.

Alikuwepo pale kazini kijana mmoja aitwaye Innocent, mzaliwa wa kijiji cha karibu na Kashebere. Kwao walilima mihogo na ndizi, na baba yake alitega wanyama msituni. Innocent alikuwa sharjeri. Ninyi mnawaona kila siku kwenye maegesho ya malori: sharjeri ni yule anayepakia na kupakua mizigo, Kifaransa chetu ndicho kilichotupa jina hilo. Yeye alipakua masanduku ya baruti, akayaingiza depo, ghala letu la vilipuzi. Aliyabeba taratibu, mikono yote miwili chini, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Mke wake Furaha alikuwa mjamzito, mimba imekwisha kukomaa.

Asubuhi moja, baada ya siku za mvua kubwa, walihesabu vitu vya depo na kukuta kisanduku kimoja cha detonateri hakipo. Hivyo ni vile vijiti vidogo vya kuwashia baruti. Mahali pengine labda mtu angesema kimepotea, tutafute. Kwetu, kitu kama hicho kikipotea, kila mmoja anawaza msitu na watu wenye bunduki waliomo, na hakuna anayetaka kuwa karibu na mazungumzo hayo.

Mister Mulenga alikuwa amerudi siku hiyohiyo kutoka Goma, ambako alilazwa kwa malaria wakati wote wa mvua. Hakujua ni nani aliyeachiwa funguo. Akakaa ndani ya kontena tuliyoifanya ofisi, akaniambia niwaite wafanyakazi mmoja mmoja. Wa kwanza na wa pili walikuwa watu wa kutoboa mawe. Niliwauliza swali, wakasema hapana, wakatoka. Innocent alikuwa wa tatu.

Mister Mulenga alimwuliza kama ni yeye aliyekuwa "in charge" ya depo siku zile za mvua.

Nami, mwenye daftari na mstari wangu, nikasema: "Innocent, siku zile za mvua, ni weye ulikuwa sharjeri wa depo?"

"Ndiyo, Mama. Ni miye."

"Weye peke?"

"Miye peke. Benzangu balikuwa bagonjwa."

Nikapeleka jibu. Mister Mulenga akaandika. Kisha akauliza kisanduku kiko wapi.

"Miye nilitia vyote ndani," Innocent akasema. "Kisha kutia, sijue tena."

Mnaona kilichotokea? Mister Mulenga aliuliza: wewe ndiye ulikuwa mkubwa wa depo, mwenye dhamana yake? Innocent akajibu: mimi ndiye nilibeba masanduku. Kila mmoja alisema kweli. Uongo ulikuwa katikati yao, na aliyekaa katikati alikuwa mimi.

Ninachokumbuka zaidi ni uso wa Innocent pale sauti ya Mister Mulenga ilipobadilika. Alinitazama mimi, si yeye. Alikuwa kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Uso wa namna ile ni sauti kubwa, wadogo zangu. Ulikuwa unaniambia: mama, kuna kitu hakikufika. Niliuona, lakini niliogopa kusimamisha mazungumzo, nisije nikaonekana mjinga. Nikaendelea.

Mister Mulenga alifunga daftari lake. Mtu mwenye dhamana ya vitu kama vile, kisha anasema sijui! Hakuita mwingine. Ripoti yake ya Kiingereza ilipelekwa Goma, na karani mmoja mwenye Kiingereza cha vitabu akaitia kwenye Kifaransa safi: Innocent amekubali kwamba depo ilikuwa chini ya dhamana yake. Karani hakukosea hata nukta. Mchana wa kesho yake polisi walikuja na karatasi hiyo, wakampandisha Innocent nyuma ya gari, wakaenda naye kwenye kasho, mahabusu ya polisi, upande wa Masisi. Hakupiga kelele. Alivua gamboti za kampuni, akazipanga vizuri mlangoni pa depo, akapanda pekupeku.

Furaha alinikuta jioni nikianua nguo. Alisimama mikono juu ya tumbo.

"Mama Interpreti, bwana wangu alisema nini mule ndani?"

"Alisema ni yeye."

"Alisema ni yeye nini?"

Ninawaomba mlitazame swali hilo. Mwanamke ambaye hakusoma hata darasa la tatu aliuliza kitu ambacho mimi, mwenye mshahara wa kuuliza, sikukiuliza. Na mimi nilimjibu nini? Nilimwambia: "Ni mambo ya depo, dada. Wakubwa wataitengeneza." Aliondoka bila kuaga. Siku ya tano Innocent akiwa ndani, Furaha alizaa. Mtoto wa kike. Nilisikia kwa watu, sikuthubutu kwenda.

Siku ya nane, mchana, mpishi wetu Mama Zawadi alipika bugali na sombe, yaani kisamvu, iliyotiwa mawese mapya na samaki wa kukaushwa. Mister Mulenga alikula sahani mbili, akainua kijiko, akauliza nani alikuwa "in charge" ya chakula kile. Nikamwambia Mama Zawadi: "Anauliza sharjeri wa chakula ni nani."

Mama Zawadi ni mtu asiyeona haya kuuliza. "Sharjeri? Muzigo gani tena? Chakula iko ndani ya sufuria, nani ataipakia?"

Alinichekesha. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza, nikarudisha swali. Nikamwuliza Mister Mulenga: kupakia nini? Akanitazama akidhani ninatania. Akasema hapana, si kupakia. "In charge" ni mkubwa wa kazi, mwenye kuulizwa. Alitaka kumjua mpishi mkuu ili amshukuru.

Mama Zawadi alishukuriwa, akafurahi, akampa sahani ya tatu. Mimi nilikaa na kijiko mkononi. Nilikuwa nasikia sauti ya Innocent: ndiyo, Mama, ni miye.

Sasa mngetaka niwaambie kwamba nilisimama palepale na kusema ukweli. Sikusimama. Nilitafuta kwanza mtu wa kunipa sababu. Nilitembea mpaka parokia, kwa Abbé mmoja, padri mzee aliyewahi kufundisha Kilatini seminari na aliyekuwa na kamusi nene kama tofali. Sikumweleza habari yote. Nilimwomba tu anitafutie "charge" na maana zake, na moyoni nilikuwa naomba aikute ile yangu.

Alifurahi, maana hakuna aliyekuwa akimwuliza mambo hayo tena. Alifuta miwani, akaanza mbali. Warumi walikuwa na neno carrus, gari la kukokotwa, ambalo nao walilichukua kwa watu wengine waliopigana nao. Kwenye carrus wakatengeneza carricare, kupakia gari. Wafaransa wakalifinyanga likawa charger. Watu wenye Kifaransa walipoitawala Uingereza wakaenda nalo, na Waingereza wakalifungulia milango yote. Jeshi likatia baruti ndani ya bunduki: charge. Mtu akapewa kazi na madaraka yake: charge. Akatwikwa kosa mbele ya hakimu: charge. Akadaiwa bei ya kitu: charge. Baadaye sana ulipokuja umeme, ukijazwa ndani ya betri, charge. Na dume lako lile, akasema, hapo vitabu havikubaliani vizuri, lakini wengine wanafikiri ni askari wa farasi waliokuwa wakiweka sawa mikuki yao kabla ya kukimbilia adui.

"Yote ni muzigo, Mama Esperance," alisema, akifunga kamusi. "Muzigo juu ya gari, muzigo ya kazi, muzigo ya kosa."

Nikarukia hapo. "Kumbe, Abbé, kama muntu anatafsiri hiyo neno kwa kusema kupakia, hajakosea sana?"

Alinitazama. Walimu wa zamani wanamjua mwanafunzi anayetafuta mlango wa nyuma.

"Ni nani alipata shida?" akauliza.

Nikamweleza yote. Hakunikemea. Aliniwekea chai, akangoja niache kulia, kisha akasema: "Kwa Warumi ulisema kweli. Lakini haukuwa unatafsiria Warumi. Kesho uende mapema."

Kesho yake kabla watu hawajaanza kazi nilikuwa mlangoni pa kontena. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya Kiingereza, yote yakatoroka. Nikasema tu: Mister Mulenga, yule mtu hakusema ulichoandika. Mimi nilikosea.

Hakufoka. Aliniambia nirudie swali nililomwuliza Innocent, kwa Kiswahili kilekile, kisha nilieleze neno kwa neno. Nikafanya hivyo. Kisha jibu la Innocent, neno kwa neno. Aliposikia "sharjeri" akavua miwani, akaishika mkononi bila kuifuta. Akaniuliza: basi, ni nani aliyekuwa mkubwa wa depo?

Sikujua. Nikatoka nje, wafanyakazi walikuwa wanafunga kamba za lori.

"Ni nani njo anabakia na funguo ya depo, kama Mister haiko?"

Watu watatu wakajibu kwa pamoja, kama waliokuwa wakingoja kuulizwa: "Papa Salomon! Alienda kwenye kilio, Mubi."

Tukampigia simu Papa Salomon. Mtandao wa Mubi ulikuwa unakatika, lakini sauti yake ilifika. "Kisanduku? Nilikitoa mule. Depo ilikuwa inavuya maji. Nilikitia ndani ya sanduku ya chuma, kontena ya pili, nyuma ya mabati. Hakuna aliwaambia?" Hakuna aliyetuambia, kwa kuwa hakuna aliyeulizwa. Tukasogeza mabati. Kisanduku kilikuwepo, kikavu, na kufuli lake. Siku tisa mtu amelala juu ya sementi, na jibu lilihitaji muda wa kunywa kikombe cha chai.

Tulipanda gari sote wawili. Njiani tope likatukamata. Tukaliacha gari na dereva wake, tukachukua pikipiki mbili. Mister Mulenga, ambaye siku zote alizikataa pikipiki, alipanda, amemkumbatia mwendesha pikipiki kama mtu anayevuka mto.

Mkubwa wa kasho alitusikiliza akiwa na ile karatasi mbele yake. "Mama, lakini hapa banaandika alikubali."

"Karatasi inasema ile nilisema miye," nikamjibu. "Yeye hakuisema."

"Basi weye uandike. Na jina yako ibakie hapa."

Niliandika kwa mkono wangu, kwa Kifaransa changu cha shule, kwamba mkalimani alikuwa mimi, kwamba nilitafsiri vibaya swali, kwamba mtu huyu alijibu kitu kingine na alikijibu kweli. Nikaweka jina langu chini. Nadhani tangu siku ile ndipo nilipokuwa mkalimani. Kabla yake nilikuwa mtu anayejua maneno.

Innocent alitolewa akiwa amekonda, ndevu zimeota, bado pekupeku. Mister Mulenga akasimama mbele yake na kuanza kusema. Nanyi mnajua kanuni ya kazi yetu: mwenye kusema akisema "mimi", nawe useme "mimi". Husemi "yeye anasema". Basi Mister Mulenga akasema anaomba msamaha, alipaswa kuuliza tena. Nami nikasema:

"Ninaomba musamaha, Innocent. Nilipashwa kukuuliza tena."

Innocent akanitazama, akamtazama yeye, akanirudia.

"Ni weye ao ni yeye?"

"Ni sisi bawili," nikasema, na hapo ukalimani ukanishinda.

Hakuuliza habari za kisanduku, wala kazi, wala neno lenyewe. Aliuliza, "Furaha iko aje?"

"Alizala. Mutoto musichana. Bote wawili wako wazima."

Akakaa chini palepale kwenye majani, mbele ya askari, akafunika uso kwa mikono. Mister Mulenga hakuniuliza Innocent amesema nini. Alikaa chini pia, kando yake, suruali yake ikilowa. Tukawa hivyo mpaka Innocent mwenyewe aliposimama.

Sikufukuzwa. Mister Mulenga aliniambia kwamba naye ana makosa yake, alisikia alichotaka kusikia akaacha kuuliza. Lakini alinibadilishia njia ya kufanya kazi, na njia hiyo nimewafundisha wengi. Kila swali, kabla ya kulipeleka, nalirudisha kwa aliyelitoa kwa maneno mengine: unataka kujua hivi, sivyo? Na kila jibu kabla ya kulivusha nalirudisha vilevile kwa aliyejibu. Inachosha. Wakubwa wengine walinung'unika kwamba mazungumzo yao yanakwenda kwa mwendo wa konokono. Niliwaacha wanung'unike. Kaa mahali unapoona midomo yote miwili na macho yote manne. Usitafsiri ukiwa na njaa. Usitafsiri ukiwa umekasirikia upande mmoja. Na ukikuta neno linafanana na la Kifaransa, hapo ndipo uamke, maana ndugu wakizaliwa nyumba moja si lazima wafanye kazi moja.

Ninyi leo mna simu zinazotafsiri zenyewe. Sizidharau, zinajua maneno mengi kuliko mimi na hazilali. Lakini siku ile ndani ya kontena simu ingeuona uso wa Innocent? Mimi niliuona, na bado nikashindwa. Basi tumieni simu, lakini macho yenu myaache wazi.

Innocent alirudi kazini, akabaki mpaka mwamba ukapasuka wote na malori yakapishana. Alinisalimia kama zamani, na mara nyingine nikiwa natafsiri alinyoosha mkono mbele ya wote: "Mama, hiyo neno iko na maana ngapi?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, kisha nikaenda kuuliza.

Furaha hakucheka. Nikimkuta soko la Kashebere alikata njia. Nilimtumia sabuni na nguo za mtoto kwa mkono wa Mama Zawadi, zikarudi zimekunjwa vizuri. Sikumlaumu. Alizaa peke yake, mume akiwa kasho kwa sababu yangu, na kabla ya hapo alinijia na swali nikamjibu kwa upepo. Msamaha wa Innocent haukuwa msamaha wa Furaha, na nilijifunza kutoichanganya hiyo miwili.

Ikapita miaka miwili, karibu mitatu. Siku moja asubuhi mtu akabisha hodi. Nilipofungua, nilimkuta Furaha na yule mtoto mgongoni, aitwaye Ushindi, amelaza kichwa upande, sikio limefungwa kitambaa.

"Ilianza na homa," alisema bila salamu. "Sasa sikio inatoka maji ya kunuka, juma mbili. Ku hopitali kuko dokta mugeni, anasema Kingereza tu. Innocent anasema nitafute muntu."

"Kuko wengine, dada, hata karibu na kwenu. Kwa nini umekuja mpaka hapa?"

Alitazama pembeni, kwenye ukuta.

"Bengine banajibu mbio," akasema.

Nilichukua kitenge changu na daftari. Daktari alikuwa mwanamke, mchovu, mwenye mikono myepesi. Alimlaza Ushindi, akamsafisha sikio, akampa dawa. Kila siku nilirudi. Kila alichosema nilikirudisha kwake kwanza, kisha nikampa Furaha, kisha nikamwambia Furaha anirudishie mimi. Dozi ya asubuhi, dozi ya jioni, maji yasiingie. Furaha alirudisha kila kitu bila kukosea, uso wake mkavu, macho yake juu ya mdomo wangu.

Siku ya sita daktari alichungulia ndani ya sikio kwa taa yake ndogo, akatabasamu, akasema kwa haraka kidogo kwamba hakuna tena "discharge", kwa hiyo leo anam-"discharge" Ushindi.

Furaha alinitazama. Nilikuwa na jibu, tena nililiona zuri. Nikaliacha, nikanyoosha mkono.

"Daktari, samahani," nikasema kwa Kiingereza. "Umesema mara mbili neno moja. Nieleze la kwanza ni nini, halafu la pili."

Nilidhani atakasirika. Aliweka taa chini, akafikiri, akaanza kucheka mwenyewe. La kwanza, akasema, ni usaha unaotoka kwenye sikio, umekwisha. La pili ni kumruhusu mgonjwa aende kwao. Nikamwuliza: kwa hiyo sikio limepona, si kwamba mnamwondoa kwa kuwa hamna dawa? Akanishika bega, akasema limepona.

Nikamgeukia Furaha. "Anasema sikio haitoki tena usaha. Imepona. Na anasema leo munarudi nyumbani."

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza mara mbili."

Alitikisa kichwa polepole, akakubali. Kisha akamwinua Ushindi kutoka kitandani, akaniwekea mikononi, akainama kukusanya sahani na vitenge vyake. Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Hakulia. Tulimngojea mama yake pale mlangoni, kisha tukatoka sote watatu.